Mwaka Nilipowapima Wapenzi wa Nyuki

Pilau la arobaini ya Idi lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonichefua kwanza. Watu walikula wakajilamba vidole. Walikuja na vitambaa vya njano na vyeusi, rangi za Nyuki, timu ya mpira ya mtaa wetu wa Ng'ambo pale Tabora, wakavifunga shingoni juu ya kanzu zao za msiba kama watu wanaokwenda uwanjani. Walijaa barazani wakisimuliana jinsi marehemu alivyokuwa akiruka kudaka, na kila mzee alikuwa na kisa cha siku yeye na Idi walipokuwa chanda na pete. Mimi nilikaa uani na wanawake wenzangu, sinia mbele yangu, bila kula. Watu hao nawajua. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa ofisi ilinituma na kalamu na daftari nikayapime mapenzi yao kwa timu yao. Nikayapima, nikaandika jibu, na kwa jibu lile Idi alibaki Tabora akavunjika mguu.

Ule ulikuwa mwaka ambao redio haikuchoka na ujamaa. Kila kitu kilikuwa kinaunganishwa: maduka, mashamba, hata vikundi vya kina mama vya kusuka mikeka. Mtu akiwa na viwili aliulizwa cha pili ni cha nini. Basi wakubwa wa michezo mjini wakaona haya kuwa na timu mbili, Nyuki ya Ng'ambo na Wembe ya Kanyenye, ambazo wapenzi wake walikuwa hawasalimiani sokoni. Ikaamuliwa ibaki moja, ivae jezi ya mji mzima, na nyingine ivunjwe. Ipi? Wakubwa wakasema ibaki yenye wapenzi waaminifu, kwa kuwa timu ni watu. Maneno mazuri. Kazi ya kuwatafuta hao waaminifu ikateremshwa mpaka kwenye ofisi yetu, chumba kimoja chenye meza mbili, mtungi wa maji na dirisha lisilofunga, ambamo bosi alikuwa Bwana Maganga na mimi nilikuwa karani wake. Kwa hiyo ofisi nzima ilikuwa watu wawili.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mwasiti, huko huko Ng'ambo. Nyumba yake ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani jiko la mkaa ambalo sikumbuki kuliona limezimika. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vikawa vigumu, ukivitafuna unasikia asali ndani. Mchana ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha Idi, golikipa wa Nyuki, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa ambayo Bi Mwasiti aliitumia kukamua matambara ya kudekia. Hakuwa mchumba wangu, msianze. Alikuwa mtu wa kunigongea ukuta asubuhi nisichelewe kazini, na wa kunibakizia ukoko wa wali kwa vile alijua naupenda. Jumapili, mechi ikiisha, wapenzi wa Nyuki walikuja uani kula. Walimbeba Idi mabegani kutoka uwanjani mpaka jikoni, mavumbi yakaingia kwenye mboga, na Bi Mwasiti aliwatukana wote bila kubagua. Walikuwa na wimbo wake: Idi ni mlango wa chuma, ufunguo tumeumeza. Aliyewaongoza kuuimba alikuwa Feruzi, fundi cherehani, aliyewashonea wote vile vitambaa vya shingoni. Nakiri kwamba siku zile na mimi niliuimba, tena kwa sauti.

Bwana Maganga alikuwa Mnyamwezi wa vijijini, wa kule wanakolima tumbaku, na ujanani alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Tulikaa juma zima tukijiuliza mapenzi ya mtu yanapimwaje. Nilisema tuwaulize, akacheka. "Binti, umuulize mtu kama ana mapenzi, akwambie hana?" Siku ya pili akaja ofisini uso unang'aa. "Jambo hili wazee wetu walilimaliza zamani. Ngoma mbili zikishindana hakuna hakimu. Zinapigwa wakati mmoja, moja huku, moja kule, watu katikati. Miguu ya watu ndiyo inayoamua. Ngoma inayohamwa imeshindwa." Nikaona ni akili nyingi. Leo naona tulivyokuwa wajinga wote wawili. Kwenye ngoma, kuhama si kosa. Mtu anafuata utamu, akirudi nyumbani hakuna anayemwita msaliti. Bwana Maganga alichukua kipimo cha nani anacheza vizuri, akakifanya kipimo cha nani ana moyo, na mimi nikamchongea penseli.

Palikuwa na viwanja viwili vya mavumbi, kimoja huku na kimoja kule, na katikati ile barabara pana ya zamani ambayo misafara ilipita na pembe za ndovu kwenda pwani. Tulipanga Jumapili asubuhi. Nyuki wacheze upande wa kushoto na timu ya vijana wa shule, Wembe upande wa kulia na timu ya kijiji, kwa wakati mmoja, na katikati ya barabara tuchore mstari wa majivu. Atakayevuka kwenda kutazama upande wa pili nitamwandika. Majivu niliyabeba mwenyewe kichwani, nusu debe, kutoka jikoni kwa Bi Mwasiti, yakiwa bado na vipande vya mkaa na ganda moja la yai. Naomba mlikumbuke ganda hilo la yai.

Wembe walihamwa. Kila upande wa Nyuki ulipopiga kelele, watu wa Kanyenye waligeuza shingo, kisha mmoja mmoja wakavuka, wengine wakicheka na kunipungia mkono, hata mmoja akaniuliza kama nimeandika jina lake vizuri. Upande wa Nyuki hakuvuka mtu. Nilidhani macho yangu yana kasoro. Bomba la maji lilikuwa upande wa Wembe, na jua lilikuwa kali. Mama mmoja wa Nyuki alisimama hatua mbili kutoka kwenye majivu, mtoto analia kiu mgongoni, na hakuvuka. Upepo ukapeperusha kofia ya mzee muuza kahawa ikaanguka upande wa pili, karibu kabisa, ya kuokota kwa fimbo. Aliitazama. Akaikunja mikono yake kifuani, akabaki kichwa wazi mpaka mpira ukaisha. Mimi machozi yalinilengalenga. Nilijiambia hawa ndio watu, hawa ndio wapenzi, na nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: HAWAKUVUKA HATA MMOJA. Jumatatu nikapiga taipu ripoti nakala tatu. Bwana Maganga akanipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kabla ya Jumatano Nyuki ikawa timu ya mji.

Jumanne jioni nilikuwa uani natwanga karanga. Feruzi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, mguu juu ya mguu, anatafuna matobolwa ya watu. Hakunijali. Karani mwanamke ni kama kinu kwa watu wa namna ile. "Bi Mwasiti," akasema, "majivu yako yana nguvu kuliko ya mganga yeyote." Bi Mwasiti akamuuliza ana maana gani. Akacheka mpaka akapaliwa. "Niliwaambia yamesomewa, yametoka kwa bingwa mmoja njia ya Urambo. Atakayeyavuka, tumbo litamvimba kabla ya Ijumaa. Basi wewe! Kuna mtu mzima na ndevu zake amejikojolea pale pale, choo anakiona!"

"Feruzi, humwogopi Mungu? Majivu yangu ya mkaa wa ugali?"

"Mungu hachezi mpira, Bi Mkubwa."

Nilishika mchi hewani. Nilimwona yule mama na mtoto wake wa kiu, nikaiona kofia kwenye mavumbi. Ule haukuwa uaminifu. Ilikuwa hofu ya kuvimba tumbo. Ningeweza kwenda kwa Bwana Maganga kesho yake nikasema, bosi, tumepima uoga. Lakini ripoti ilikuwa imekwenda, nakala tatu, na mkono wangu ulikuwa bado una joto la ule mkono wake. Nikashusha mchi nikaendelea kutwanga.

Siku mbili baadaye Idi alinikuta naosha vyombo. Alikuwa na barua kutoka Dar es Salaam. Kiwanda kimoja kilimtaka, kazi ya kudumu na nafasi langoni kwenye timu yao, na kilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Alichuchumaa kando ya karai, akaiweka barua juu ya goti lisilolowa. "Dada Zuhura, nikuulize wewe uliyewapima. Kule wanasema mtu akifungwa bao moja anatupwa. Hapa nawaona ni watu wangu. Lakini mtu akiwa juu ya mabega ya watu haoni nyuso zao. Wewe uliziona. Hawa wataniacha?"

Nilikuwa na sufuria mkononi, naisugua masizi. Nilijua anachoniuliza, na nilijua ninachokijua. Na tena, niseme tu, sikutaka aende. Nani angenigongea ukuta?

"Hawakuvuka hata mmoja," nikasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Idi. Nimeandika kwa mkono wangu."

Akaikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati, akanisaidia kumwaga maji machafu. Kesho yake alipeleka posta jibu la kukataa. Sikumwambia uongo. Nimelirudia neno hili miaka yote, kwa watu na peke yangu, na kila nikilirudia nanuka zaidi.

Mechi ya kuagana na Wembe ilichezwa mwisho wa mwezi ule ule. Haikuwa na maana yoyote, Wembe walikuwa wafu tayari, na walicheza kwa raha kama watu waliokwisha kuandika wosia. Karibu na mwisho, mshambuliaji wao, Yohana, Mmoraviani wa kijijini mwenye miguu kama mipini ya jembe, alikimbilia mpira uliokuwa kati yake na Idi. Wote wawili waliufuata kwa haki. Nilisikia mfupa kutoka nilipokaa. Mpira ukajikokota wenyewe ukaingia langoni, na Nyuki, timu ya mji, ikafungwa na timu isiyokuwapo. Idi alikuwa chini, mguu wa kulia umeangalia pasipo pake, na Yohana alipiga magoti kando yake akilia waziwazi. Watu wa Nyuki waliingia uwanjani mbio. Nilidhani wanakwenda kumbeba, walikuwa wamezoea kumbeba. Feruzi ndiye aliyefika kwanza. Alimvua shati wakati wengine wakisema apepewe, na ile barua, ambayo Idi alikuwa bado anatembea nayo mfukoni, ikaanguka.

Aliisoma kwa sauti. Kazi ya kudumu, nafasi langoni, Dar es Salaam. Hakuuliza kama imejibiwa. "Kumbe!" akasema. "Kumbe mwenzetu ameshahama! Ametuuza kabla ya kuondoka!" Barua ambayo Idi aliikataa kwa ajili yao ndiyo waliyoishika juu kama ushahidi. Kutoka pale nilipokaa mpaka alipolala palikuwa na hatua ambazo mtoto angezihesabu. Mimi niliyejua amejibu nini, mimi niliyemnunulia stempu kwa mkono wangu nilipotumwa posta na ofisi, sikuzipiga. Waliomtoa uwanjani, kwa mlango wa banda uliong'olewa, walikuwa wachezaji wa Wembe.

Alilazwa muda mrefu. Mguu uliunga vibaya, ukavunjwa tena, ukaunga mfupi. Bi Mwasiti alimwendea kila alasiri na kikapu, uji, chupa ya chai, nguo safi. Asubuhi ya kwanza tulikuta mbele ya mlango wa chumba cha Idi watu wa Nyuki wamemwaga majivu, mstari mnene, kwamba asirudi. Bi Mwasiti aliyafagia akitaja mama zao mmoja mmoja. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika, na kila aliporudi kutoka hospitali alikaa kwenye kigoda akavua viatu, akaniambia nani amefika siku hiyo. Nami nilichukua daftari lile lile, nikafungua ukurasa baada ya ule wa HAWAKUVUKA, nikawa naandika. Sijui nilidhani nafanya nini. Karani akikosa la kufanya huandika.

"Leo nani?"

"Leo Yohana. Kaleta asali, ametembea tangu alfajiri."

"Na mwingine?"

"Mwingine nani? Andika Yohana."

Ukurasa mzima ni hivyo. Bi Mwasiti, Yohana. Bi Mwasiti, Yohana. Bi Mwasiti peke yake siku ya mvua kubwa. Bwana Maganga mara moja. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema pole, akaondoka. Wakati huo huo Jumapili niliwasikia Nyuki wakitoka uwanjani na golikipa mpya mabegani. Wimbo ulikuwa ule ule. Hawakuhangaika hata kutunga mpya, walilitoa jina la Idi wakaweka Hassani, na ufunguo wakadai wameumeza tena. Niliziba masikio kwa mto. Mpaka leo nikisikia watu wengi wakiimba jina la mtu mmoja, hata kama ni harusi, hata kama ni kanisani kwa jirani, nataka kutapika.

Na mimi? Nilikwenda mara moja. Nilichemsha mayai manne, nikayafunga kwenye ncha ya khanga, nikaenda mpaka karibu na geti la hospitali. Vijana wawili wa Nyuki walikuwa wamekaa pale kwenye jiwe, wanatazama nani anaingia kwa muuza mechi. Walinisalimu vizuri, "Karani, hujambo?" Nikawajibu sijambo, napita tu. Nikapita. Mayai niliyala njiani.

Idi alirudi, akaishi. Alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli hapo hapo Ng'ambo, akaoa, akazaa, na watu wale wale walimpelekea pancha zao, naye akaziziba bila neno. Mwishoni mwa mwaka ule niliomba uhamisho. Tulionana mara chache katika miaka iliyofuata, na hakuniuliza kitu. Ningependa aniulize. Mwezi uliopita nilipopigiwa simu kwamba amekufa, nilikwenda kwenye sanduku la chini nikalitoa daftari, nikalitia kwenye mkoba bila kujua kwa nini, na arobaini ilipokaribia nikapanda treni.

Basi pilau lilipokwisha, Feruzi alisimama. Amezeeka sana, anashikwa mkono, lakini sauti bado ya uwanjani. Alisema Idi alikuwa na bahati kuliko wachezaji wote wa nchi hii, kwani alikuwa na watu ambao hawakumwacha hata siku moja. Watu wakaitikia kweli, kweli. Akasema ushahidi upo, tena wa ofisi, na aliyeuandika yupo uani, daftari lake limeonekana mkobani, aje karani Zuhura awasomee vijana wajue mapenzi ya kweli yalikuwaje. Nikaitwa. Nikapita mlangoni, khanga kichwani, nikasimama mbele ya baraza nzima. Nyuma kabisa, kwenye mkeka wa mwisho, nilimwona mzee amekaa peke yake na kofia magotini, miguu yake ameinyoosha. Nilimtambua kwa ile miguu ya mipini ya jembe.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Hawakuvuka hata mmoja. Wakapiga makofi, makofi kwenye arobaini ya mtu. Nikawaambia majivu yale yalitoka jikoni kwa Bi Mwasiti, Mungu amrehemu, yakiwa na ganda la yai, na kwamba walidanganywa tumbo litavimba. Vijana wakacheka kidogo, wazee wakaangalia mikeka. Kisha nikageuza. Sikueleza ni ukurasa wa nini, nilisema tu hospitali, nikasoma. Bi Mwasiti, Yohana. Bi Mwasiti, Yohana. Sikuruka siku hata moja, na hakuna aliyethubutu kuninyamazisha. Kwenye mkeka wa mwisho yule mzee alikuwa amefunika uso kwa kofia.

Nilipomaliza, Feruzi ndiye aliyekohoa kwanza. Alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika huona mbali.

"Umesoma vizuri, karani," akasema. "Lakini mbona jina lako sikulisikia?"

Nililifunga daftari.

"Halimo," nikasema.